Bhoke na Bomba Lililokamuliwa

Mimi Makoye sisifii watu ovyo. Mke wangu Klara ni shahidi: tuna miaka thelathini na moja ya ndoa na bado anasubiri zamu yake. Kwa hiyo ukiona nimenunua daftari la kurasa themanini na kalamu mbili, moja ya akiba kwa sababu wajukuu ni wezi, ujue ninayemwandika hakuninunulia soda. Amenishinda tu.

Anaitwa Bhoke. Ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Runzewe, mwanamke mrefu, mwembamba, mikono imejaa madoa ya cheche kama ngozi ya chui, na maneno anayatoa kwa kijiko cha chai. Wewe unamsalimia dakika nzima, unauliza watoto, kuku, na mvua ya kwao Tarime. Yeye anajibu, "Wazima," salamu imeisha. Sisi Wasukuma tunajiona kama tumefungiwa mlango. Nilishamwambia, "Bhoke, maneno hayakatwi kodi." Akasema, "Najua."

Ufundi aliupatia Kahama. Mumewe alikuwa mchimbaji, mtu wa kukimbilia kila mahali inaposikika dhahabu mpya. Akaenda akarudi, akaenda akarudi, mara ya tatu hakurudi. Bhoke akaomba kazi kwa fundi mmoja wa mageti, na kazi yenyewe ilikuwa kushikilia chuma wakati fundi anachomelea. Miaka miwili ameshikilia vyuma vya watu, uso kaugeuza pembeni asiungue macho. Siku fundi alipolazwa na malaria, mwenye geti akaja juu, Bhoke akachukua kioo cha kuchomelea, akalimaliza geti. Fundi alipopona akauliza, "Nani amekufundisha?"

"Wewe."

"Mimi sijakufundisha kitu."

"Nilikuwa nashikilia."

Kisa hicho nilikipata kwake mwenyewe, na kukikusanya kilinichukua wiki mbili, neno moja moja, kama kuokota choroko zilizomwagika.

Sasa nijitambulishe na mimi, maana bila mimi hadithi hii haina miguu. Mimi ndiye mwendesha karasha. Kama unakaa mjini na dhahabu unaijua ikiwa kidoleni tu, karasha ni mashine ya kusagia mawe. Injini ya dizeli iko huku, inazungusha mkanda mpana, mkanda unazungusha bomba nene la chuma lenye urefu wa hatua mbili, na bomba linazungusha pipa kubwa lililojaa gololi za chuma. Mawe yanaingia yakiwa kama ngumi, yanatoka yakiwa unga. Shuleni niliishia darasa la sita, la saba nilikwenda siku mbili nikaona halina jipya. Lakini injini ikikohoa kilomita moja kutoka hapa, nakuambia inaumwa nini.

Karasha ni ya Mama Naznin, jina lake Tahera, mwenye duka la vipuri karibu na stendi. Ukoo wake uko huku tangu babu anauza chumvi na baiskeli, na Kisukuma anakijua vizuri kiasi kwamba akinigombeza nakosa pa kujificha. Wateja wake wakubwa ni kundi la wachimbaji wanaoongozwa na Ignas, kijana mwenye kifua na sauti, anayependa kuongea amesimama hata kama viti vipo.

Basi, mwanzoni mwa kiangazi bomba lile likapasuka. Lilikuwa bomba la zamani, chuma chake kigumu lakini kikavu, hakina huruma ya kunyumbulika hata kidogo. Ufa ulianzia kwenye tundu la bolti ukapanda kwa mlalo, yaani mshazari, unazunguka bomba kama nyoka anayepanda mti. Jipya liliagizwa Mwanza, na kila tukipiga simu tunaambiwa lipo njiani. Sijui njia hiyo ilipitia nchi gani. Mama Naznin akamwita Bhoke.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wanawake kugonga mawe kwa nyundo wanagonga, kuuza uji wanauza, lakini kuishika mashine yenyewe, wapo wachimbaji wanaoamini kwamba inafukuza dhahabu. Ignas alikuwa mmoja wao. Bhoke akauchomelea ufa. Siku ya nne bomba likapasuka pembeni ya pale pale, kwa mlalo ule ule. Ignas akaguna.

Bhoke akalichomelea tena, na safari hii akalaza nondo nne za kwenda urefu wa bomba, kama unavyofunga vijiti kwenye mpini wa jembe uliovunjika. Wazo hilo lilikuwa langu. Nalisema kwa uaminifu ingawa mngeweza msijue. Siku sita. Ufa ukapita katikati ya nondo kwa mlalo, nondo zenyewe nzima, zimelala pale kama wageni. Akaja na wazo lake: akalifunga bomba pete za chuma, nzito, tano, kama pete za pipa la maji. Siku tano. Ufa ukapita kati ya pete na pete, mlalo ule ule.

Sasa Ignas akasimama, ingawa alikuwa tayari amesimama.

"Mama Naznin, tunakuheshimu. Mawe yetu yamekaa hapa kwenye viroba mpaka yameota nyasi. Mara tatu! Huyu mama mkono wake umeukataa mtambo, na mtambo umemkataa. Likipasuka tena asikanyage karasha hii. Na nitawaambia na wenye karasha nyingine."

"Ignas, chuma hakijui mwanaume wala mwanamke," Mama Naznin akasema.

"Basi kitoe ushahidi."

Mama Naznin akamwangalia Bhoke. Mbele ya watu wote, wauza uji wakiwemo, akasema, "Mara moja tena, mwanangu. Likipasuka, sina la kukutetea."

"Sawa," Bhoke akasema.

Ilikuwa sawa ya kijiko cha chai. Kila mtu Runzewe anaishi kwa karasha. Wenye karasha wakikukataa, wa matoroli nao watakukataa, na wa milango. Angerudi Kahama kushikilia vyuma vya watu, kageuza uso pembeni.

Siku mbili akawa analizunguka lile bomba bila kuligusa. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, akapita kwangu kuulizia waya wa kuchomelea. Klara alikuwa anafua blanketi, lile zito la maua, na alikuwa anatafuta mtu wa kumsaidia kulikamua.

"Bhoke mwanangu, shika ncha hiyo. Mjomba wako kajificha."

Sikujificha. Nilikuwa nyuma ya nyumba naangalia ukuta. Nikachungulia, nikawaona wamesimama, Klara anazungusha kulia, Bhoke anazungusha kwa upande wake, maji yanamwagika. Ghafla Bhoke akasema, "Mama, usilegeze."

"Mikono inauma."

"Usilegeze, mama, nakuomba."

Mke wangu akabaki amekaza, anatetemeka, amenuna. Bhoke akabana ncha yake kwapani, akainama, akapitisha kidole juu ya mikunjo ya blanketi. Mikunjo haikwenda urefu. Haikuzunguka kama pete. Ilikuwa imelala upande, inapanda kwa kuzunguka.

"Kuna chawa?" Klara akauliza.

"Nyoka," Bhoke akasema.

Klara akaliachia blanketi likaanguka kwenye matope, akapanda juu ya ngazi ya mlango. Ilibidi blanketi lifuliwe upya, na hilo nililifua mimi, maana nilikuwa nimeonekana.

Jioni hiyo, jua bado kali, Bhoke alikuja na chaki. Akaingia uani, akaikuta baiskeli yangu, akachomoa tyubu ya nyuma, akaikata, akazifunga ncha zake mbili kwa uzi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hiyo ni tyubu yangu."

"Ndiyo. Shika ncha."

Nikashika. Akaijaza upepo kidogo, akaichora mistari: mmoja wa kwenda urefu, mmoja wa kuizunguka, halafu miwili ya mlalo inayokatizana kama herufi ya eksi. Akaipima yote kwa uzi. Kisha akaniambia nikaze, yeye azungushe. Tyubu ikajikamua. Akapima tena.

Hapa nataka unisikilize vizuri, maana mimi nimelielewa hili na darasa la sita langu, na mtu wa darasa la sita akikueleza jambo anakueleza lote. Ule mstari wa urefu ulikuwa umepinda kidogo, lakini urefu wake karibu ule ule. Wa kuzunguka, ule ule. Ila wale wawili wa mlalo! Mmoja ulikuwa umevutika, uzi haukutosha. Mwenzake ulikuwa umefupika, chaki imejikunja, mpira umefanya makunyanzi kama shingo ya kobe.

"Mkamuo ni mmoja, mjomba," Bhoke akasema, "lakini kila mwelekeo una mzigo wake. Ukiangalia kwa urefu huoni wa kuvutwa wala wa kubanwa, unaona kusukumana tu, kama karata ukiziteleza moja juu ya nyingine. Geuza jicho mpaka katikati, kati ya urefu na kuzunguka. Hapo ndipo penye mvuto wote. Ukigeuza mlalo wa pili, pote ni kubanwa. Chuma kikavu kinavumilia kubanwa. Kuvutwa hakivumilii. Kinavutwa hivi, kinachanika kwa kukatiza. Ndiyo maana ufa unakwenda na mlalo."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kuitoa, na nilikuwa peke yangu, shahidi hakuna.

"Na nondo zangu?" nikauliza.

"Ulizilaza pasipovutwa. Zilikuwa zinasindikiza."

"Na pete zako?"

Akacheka. Bhoke akicheka ni kama umeme kurudi. "Nazo. Tulikuwa tunafunga bandeji mahali pasipouma."

Kesho yake aliwasha mkaa, akapuliza feni, akavipasha vyuma bapa vitatu mpaka vikawa vyekundu kama pilipili. Lakini kabla ya mkaa alikwenda kwenye karasha akaniuliza pipa linazunguka upande gani, akawasha injini akaangalia kwa macho yake (hakuniamini, hilo nimemsamehe), akachora mshale kwenye mkono wake kwa chaki. Halafu akavizungusha vile vyuma juu ya bomba kwa mlalo, ule mlalo unaovutwa, mimi nimeshika koleo upande wa pili. Akavichomelea kuanzia ncha hadi ncha. Bomba likawa kama mguu wa mtu aliyejifunga kamba za ndala za kizamani.

Ignas akaliangalia. "Hili ni pambo."

Tukawasha. Siku sita zikapita. Siku kumi. Wiki tatu. Viroba vilivyoota nyasi vikasagwa vyote. Ignas akaanza kumsalimia Bhoke, salamu ya mbali lakini salamu. Wiki ya saba hakuna aliyekumbuka kwamba bomba lile liliwahi kupasuka. Mimi nilikuwa nawaambia watu kwamba mlalo ule tuliupata uani kwangu, jambo ambalo ni kweli.

Sasa nakuja kwenye sehemu ambayo Klara alisema nisiiandike.

Mkanda wa injini ulikatika. Mama Naznin akaleta mwingine kutoka dukani kwake, mzuri, mpya, lakini mrefu kupita kiasi kwa karibu dhiraa. Ukiufunga unalegea, unateleza, pipa halizunguki. Wa kuukata na kuushona alikuwa amekwenda Kagongwa kwenye msiba. Wachimbaji wanasubiri, Ignas anapumua. Mimi mwendesha karasha namba moja nikawaza, nikapata. Nikaukatiza. Mkanda ukiupitisha kama namba nane, huku juu na kule chini, unakula urefu mwingi na unashika puli, yale magurudumu yake mawili, kwa nguvu zaidi. Nikawasha. Pipa likazunguka, mawe yakasagika, unga ukatoka. "Akili hizo zinauzwa wapi, Mzee Makoye?" Ignas akaniuliza, na mimi nikamwambia haziuzwi, zinazaliwa.

Mkanda ukikatizwa, bomba linazunguka kinyume. Nilijua? Nilijua. Nilijali? Unga ulikuwa unatoka.

Siku iliyofuata, saa sita mchana, bomba likalia. Nikazima, nikauvua mkanda haraka nisogee karibu, na ufa ulikuwa pale, mrefu, kutoka puli mpaka pipa.

Watu walijaa kabla injini haijapoa. Bhoke aliitwa. Alikuja na koti lake la kazi, kioo mkononi. Mama Naznin alikuwa amekaa juu ya kiroba, uso ameuinamisha.

"Mimi sina neno refu," Ignas akasema, akiwa na neno refu. "Tulikubaliana hapa hapa, mbele ya mashahidi. Mama, tunakushukuru, umejitahidi. Mashine imesema. Kusanya vifaa vyako."

Bhoke akaweka kioo chini. Akapiga magoti kwenye vumbi. Akaanza kupapasa bomba, chuma bapa kimoja kimoja. Vilikuwa vimeinuka mgongo, vimebenuka kati ya kiungo na kiungo kama mkeka uliosukumwa kutoka pande zote mbili. Akaufuata ufa kwa kidole. Mimi tangu nilipoona ile migongo nilikuwa naangalia injini.

"Mama Naznin," akasema. "Ufa wa zamani ulikuwa unavikatiza hivi vyuma. Huu unakwenda pamoja navyo."

"Maana yake nini, mwanangu?"

"Na vyuma vyenyewe havikuvutwa. Vimebanwa mpaka vimebenuka." Akasimama, akajipangusa magoti. "Bomba hili limekamuliwa kinyume. Nani amegeuza mzunguko?"

"Haa!" Ignas akaruka. "Sasa anatafuta wa kumsingizia! Mashine iko pale pale, injini ile ile. Uliza mtu yeyote. Mzee Makoye, si upo hapa kila siku? Mwambie."

Wote wakanigeukia. Sasa fikiria mwenyewe. Mkanda nilikuwa nimeshauvua, umelala chini umejikunja kama chatu aliyeshiba, hakuna awezaye kuujua ulikaaje. Wachimbaji hawaangalii mkanda, wanaangalia unga. Nilikuwa na ndevu nyeupe na sifa ya miaka kumi na minane. Neno moja tu, "Haijageuzwa," na Bhoke anapanda gari la Kahama.

Yeye hakuwa ameninyooshea kidole. Aliniangalia tu, akasema taratibu, "Mjomba, siku hizi pipa linazunguka upande gani?"

Nilimwangalia yule mwanamke. Hakuwepo nilipokatiza mkanda. Hakuna aliyemwambia. Alipiga magoti dakika chache mbele ya chuma kilichopasuka, na chuma kikamsimulia nilichofanya jana saa tatu asubuhi, kwa mikono yangu, nikijisifu. Nimeishi na mashine maisha yangu yote na hakuna hata moja iliyowahi kuniambia kitu cha mtu mwingine.

"Kinyume," nikasema. "Nilikatiza mkanda. Ni mimi."

"Sikusikia, mzee," Ignas akasema.

"Umesikia! Ni mimi! Mkanda ulikuwa mrefu nikaupiga namba nane, na wewe ukaniuliza akili zinauzwa wapi!"

Muuza uji mmoja ndiye aliyeanza kucheka. Halafu wakacheka wote, kicheko cha kubeba mtu, mpaka Mama Naznin akafuta macho kwa mtandio. Kisha akanigombeza kwa Kisukuma, na sitaandika alichosema kwa sababu wajukuu wangu wanajua kusoma.

Ignas hakucheka mara moja. Alikwenda kwenye bomba, akainama, akapitisha kidole chake kwenye ufa kama alivyofanya Bhoke. Akapapasa na ile migongo. Alipoinuka alikuwa na sauti nyingine.

"Ulijuaje, mama?"

"Chaki na tyubu," Bhoke akasema. "Kesho nitakuonyesha."

"Basi asiyekanyaga hapa ni Mzee Makoye," Ignas akasema, na wachimbaji wakapiga makofi. Wasaliti hao niliwasagia mawe tangu hawana ndevu.

"Mwacheni," Bhoke akasema. "Nani atashika ncha nyingine?"

Ignas mwenyewe akakiokota kioo cha kuchomelea cha Bhoke kutoka kwenye vumbi, akakipuliza, akampa. Kwa mikono miwili. Nikamwambia Bhoke asante ya kwetu, "Wabeja sana," akasema, "Haya."

Alilifanya bomba upya kwa siku mbili, na Ignas ndiye aliyepuliza mkaa. Safari hii Bhoke aliweka vyuma bapa kwa milalo yote miwili, vinakatizana mwili mzima kama wavu wa kuku. Nikamwambia, "Mwanangu, umeongeza kazi bure. Mkanda sitaukatiza tena."

"Najua."

"Sasa hii milalo ya pili ya nini?"

"Kwa ajili yako, mjomba."

Bomba la Mwanza lilifika mwezi uliopita. Mama Naznin aliliangalia, akaliangalia lile la Bhoke linavyozunguka, akaniambia nilichukue jipya nikalichimbie uani kwangu, Klara apate nguzo ya kuanikia blanketi. Na kwenye pipa la karasha sasa kuna mshale mwekundu, mkubwa, wa rangi ya mafuta, unaoonyesha upande wa kuzunguka. Ukipita Runzewe njoo uuone. Chini yake, kwa herufi zilizonyooka kuliko zangu, Bhoke ameandika: MAKOYE, HUKU.